Mchanga, Chumvi na Kivuli: Kufundisha Sayansi kwa Vitendo Kathonzweni

Kufundisha sayansi kwa vitendo ni kumpa mtoto kitu cha kushika, kupima, kukisia na kungojea kabla ya kumpa maelezo ya kitabu. Somo la ana kwa ana ni nusu ya pili ya kazi hiyo: dakika chache ambazo mwalimu huketi na mwanafunzi mmoja, kile kitu kikiwa mbele yao, ili asikie mtoto amekielewaje. Mara nyingi nusu hizi mbili hutengwa. Ya kwanza huitwa miradi, ya pili huachiwa masomo ya ziada ya wanaobaki nyuma. Uzoefu wa walimu wa shule za msingi za Kathonzweni, katika Kaunti ya Makueni, unaonyesha kuwa moja bila nyingine hupwaya. Mradi usiofuatwa na mazungumzo huishia kuwa kazi ya mikono, na mazungumzo yasiyo na kitu mezani huishia kuwa kukariri.

Mahali na vifaa vyake

Kathonzweni iko kusini mashariki mwa Wote, makao makuu ya kaunti, katika nchi kavu inayoteremka kuelekea mto Athi. Ng'ambo ya mto huo ni Kitui. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na wakulima huitegemea zaidi hii ya pili. Hupandwa mahindi, ndengu, kunde, mbaazi na mtama. Maembe na machungwa huleta pesa. Mito mingi hujaa kwa muda mfupi mvua inaponyesha, kisha hubaki njia za mchanga kwa miezi. Mtoto anayefika gredi 4 huwa ameshachota maji kwenye kisima kilichochimbwa mchangani, ameshachunga mbuzi, na ameshatumwa kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa.

Shule nyingi za eneo hili hazina maabara ya watoto wa msingi. Vifaa hutoka kwingine: mikebe ya Kimbo, chupa zilizotupwa, karai, misumari, kamba ya katani, kijiti kilichonyooka, rula, na mchanga wa mtoni. Jambo hili lina uzito wake siku hizi. Tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze rasmi Januari 2019 katika madarasa ya chini, wazazi wamelalamika kwamba miradi inawagharimu: leo karatasi ya manila, kesho rangi, keshokutwa picha za kuchapishwa kwenye saiba. Mradi unaohitaji kununuliwa vifaa hupima mfuko wa mzazi kuliko akili ya mwanafunzi. Walimu waliodumu na njia hii hujiwekea masharti machache kabla ya kuchagua mradi: vifaa vipatikane pale mtoto anapoishi, swali liwe na jibu ambalo haliwezi kukisiwa tu likaisha, jibu lipatikane kwa kupima, na jambo lenyewe liwe na maana nyumbani.

Historia fupi

Wazo la kufundisha sayansi kwa vitu vya mahali si geni nchini Kenya. Katika miaka ya 1960, taasisi ya Education Development Center ya Massachusetts, Marekani, ilishirikiana na waelimishaji wa nchi kadhaa za Afrika zilizokuwa zimetoka kupata uhuru kuandaa mpango wa sayansi kwa shule za msingi. Miongozo yake ilihusu mbegu, wadudu, vimiminika, hata ujenzi kwa nyasi. Mtathmini wa mpango huo nchini Kenya alikuwa Eleanor Duckworth, Mkanada aliyekuwa amesoma Geneva chini ya Jean Piaget. Hakuwapa watoto mtihani wa kuandika. Aliwaweka chumbani na vifaa mbalimbali, akawaacha wafanye wapendavyo, huku kila mmoja akitazamwa amefanya nini. Watoto waliopitia mpango walibuni mambo mengi zaidi, na ya undani zaidi, kuliko wenzao ambao hawakuupitia. Piaget mwenyewe naye alijifunza fikra za watoto kwa kuzungumza na mmoja mmoja huku kitu kikiwa mbele yao.

Miongo iliyofuata ilienda upande mwingine. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza 1985 pamoja na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, na sayansi ya shule ya msingi ikapimwa kwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Mtoto aliweza kupata alama nzuri katika swali la kuota kwa mbegu bila ya kuwahi kuotesha mbegu darasani. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, wanafunzi nchini waliongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2, na madarasa yakafurika. Katika kipindi hicho hicho jitihada za kurudisha vitendo zilikuwepo. Mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Japani la JICA, uliichukua Makueni kuwa moja ya wilaya 9 za majaribio. Uliwafunza walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari kupanga somo juu ya shughuli, mwanafunzi, jaribio na vifaa vya kubuni. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Chini ya CBC, somo la Sayansi na Teknolojia la gredi 4 hadi 6 linataka mtoto atende, na mwalimu aandike amefikia wapi.

Mchanga unaoshika maji

Ukambani, eneo ambalo Makueni imo, ni nchi ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa saruji na mawe hujengwa kukatiza mto wa msimu mahali penye mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki kati ya chembe zake. Asilimia 25 hadi 40 ya ujazo wa mchanga huo huweza kuwa maji. Jua halifiki chini kuyakausha, na mbu hawana pa kutagia. Watoto wa Kathonzweni wengi wamekunywa maji ya namna hii. Hata hivyo, wakionyeshwa mkebe uliojaa mchanga mkavu hadi ukingoni na kuulizwa utaingia maji kiasi gani, wengi hujibu kwamba hayataingia, kwa kuwa mkebe umeshajaa.

Mradi huanzia hapo. Kila kikundi hupewa mikebe miwili iliyo sawa: mmoja umejazwa mchanga wa mtoni uliokaushwa juani, mwingine umejazwa maji. Kila mtoto huandika kisio lake kabla ya mkono wowote kugusa kitu, kwa sababu kisio lililoandikwa halibadilishwi baadaye kimyakimya. Kisha maji humiminwa mchangani polepole, kijiko kwa kijiko, mpaka yatokeze juu. Kiasi cha thuluthi moja ya mkebe wa maji hupotelea ndani ya mkebe uliosemekana kujaa. Hatua ya pili ni kutoboa kitako cha mkebe wa mchanga kwa msumari na kupima yanayotoka. Yanayotoka ni pungufu ya yaliyoingia. Mengine yamenata kwenye chembe. Hatua ya tatu hurudia yote kwa udongo wa shamba wenye mfinyanzi. Maji huingia kwa shida na hutoka kwa shida zaidi, na watoto huona kwa nini kisima huchimbwa penye mchanga wa chembe kubwa.

Sehemu ya mwisho hufanyika nje ya darasa. Karai mbili huwekwa juani, moja ikiwa na maji matupu, nyingine ikiwa na mchanga uliolowana kwa kiasi hicho hicho cha maji. Zinapimwa kila siku. Watoto hutarajia mchanga ukauke upesi kwa sababu juu yake hukauka upesi kweli. Kidole kinapozamishwa chini hukuta unyevu bado upo. Mwalimu huacha kidole kifanye kazi yake kabla ya kueleza chochote.

Hesabu huingia bila kuitwa. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, baada ya malori ya ujenzi kukomba mito kwa miaka mingi. Wanafunzi wa gredi 6 hupewa lori la mita 5 za ujazo. Ikiwa asilimia 30 ya mchanga ni nafasi ya maji, lori moja limeondoka na nafasi ya lita 1,500, sawa na mitungi 75 ya lita 20. Hoja ambayo wazee huizungumza barazani kwa hasira, mtoto sasa anaweza kuionyesha kwa mkebe.

Ndengu na mizizi yake

Mradi wa mmea huhitaji kalenda. Ndengu zinazopandwa na mvua ya Oktoba hukuta shule zinakaribia kufungwa, kwa hiyo mradi huwekwa muhula wa pili, ambao una wiki 14 hivi, na mikebe humwagiliwa maji yaliyooshewa mikono yasiyo na sabuni. Mbegu ya N26, inayojulikana na wakulima kama nailoni, hukomaa kwa takriban miezi miwili, na hivyo mtoto huona safari yote kutoka mbegu hadi ganda kabla ya likizo ya Agosti. Ndengu hupandwa mkebe mmoja na mahindi mkebe mwingine, kwa udongo ule ule. Urefu hupimwa kwa kamba, na vipande vya kamba hubandikwa ukutani kwa mpangilio wa wiki, vikawa jedwali ambalo hata asiyejua kusoma vizuri analielewa.

Kitu cha maana kiko chini ya udongo. Katika wiki ya tano hivi, mmea mmoja wa ndengu na mmoja wa mahindi hung'olewa kwa uangalifu na mizizi kuoshwa ndani ya karai. Mizizi ya ndengu ina vinundu vidogo vya mviringo. Ya mahindi haina. Kinundu kikipasuliwa kwa ukucha na kuonekana chekundu au cha waridi ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kunasa nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Kikiwa cheupe au cha kijani, kazi haifanyiki. Watoto wengi huona vinundu kwa mara ya kwanza na kudhani ni ugonjwa au mayai ya wadudu, na dhana hiyo si ya kudharauliwa, kwa kuwa mizizi iliyoshambuliwa na minyoo fundo nayo huvimba. Hapo mwalimu huuliza: mmea wenye mayai ya wadudu ungekuwa na afya kuliko wenzake? Mtoto hurudi kwenye kamba za ukutani kutafuta jibu.

Chupa ya chumvi

Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini, yaliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliotambuliwa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Mahindi yaliyovunwa na kuwekwa ndani yakiwa na unyevu yalikuwa chanzo kikubwa. Tangu hapo kukausha nafaka vizuri ni somo ambalo kila nyumba ya huku ina sababu ya kulijali, na kuna jaribio la unyevu ambalo mtoto wa miaka kumi analimudu.

Chumvi hukaangwa kidogo kwenye sufuria au kuanikwa hadi ikauke kabisa. Chupa kavu ya kioo, isiyo na tone la maji, hujazwa mahindi hadi thuluthi. Vijiko viwili au vitatu vya chumvi hutiwa, chupa hufunikwa na kutikiswa kwa dakika moja, kisha huachwa itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Isiposhika, yamefika chini ya hapo, na mwalimu hueleza kwamba ghalani hutakiwa yakauke zaidi kidogo, hadi karibu asilimia 13. Kila mtoto huja na konzi moja ya mahindi ya nyumbani kwao, na matokeo hayasomwi hadharani kwa majina, kwa sababu mahindi mabichi ya nyumba fulani si jambo la kuchekewa darasani.

Jaribio hili lina mpaka wake, na mpaka huo lazima ufundishwe pamoja nalo. Chumvi hupima unyevu wa leo, haigundui sumu. Mahindi yaliyoota ukungu mwezi uliopita na kukaushwa jana yatapita jaribio yakiwa bado na sumu, na kuyapika hakuiondoi. Punje zenye ukungu huoneshwa ndani ya chupa iliyofungwa na hazishikwi na mikono ya watoto.

Kivuli cha saa sita unusu

Kathonzweni iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Kijiti kilichosimamishwa wima uwanjani kinatosha kwa mwaka mzima wa sayansi. Kwa kuwa saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo ulio mashariki zaidi, jua la huku hufika juu kabisa karibu saa sita unusu, kabla au baada yake kwa dakika chache. Kivuli cha kijiti cha mita moja huwekewa kokoto wakati huo, mara moja kwa wiki. Januari kivuli cha mchana huelekea kaskazini. Katikati ya Machi hupotea kabisa, kijiti kikasimama bila kivuli. Mwezi Juni huwa na urefu wa sentimita 47 hivi, kikielekea kusini. Mwishoni mwa Septemba hupotea tena. Kila muhula una tukio lake.

Kokoto za uwanjani huvunja imani iliyoenea kwamba jua la saa sita huwa juu ya utosi kila siku. Pia huwaleta watoto kwenye swali gumu la kwa nini kivuli hurefuka na kufupika, na hapo ndipo somo la ana kwa ana huonyesha thamani yake.

Dakika za ana kwa ana

Kisa kimoja kinatosha kuonyesha linalofichika ndani ya kikundi. Katika shule moja ya eneo hili, mwanafunzi wa gredi 5 alikuwa mwepesi kuliko wenzake katika jaribio la chumvi. Alikausha chumvi ipasavyo, akatikisa, akangoja, akaandika: "Mahindi haya ni mabaya." Kikundi chake kilistahili kuandikiwa kwamba kimefikia matarajio. Siku iliyofuata mwalimu aliketi naye chini ya mti ulio mbele ya darasa, chupa ikiwa katikati yao.

"Chumvi imefanya kazi gani humu?" mwalimu aliuliza.

"Imetoa sumu, mwalimu."

"Tukitia chumvi ndani ya gunia, mahindi yatapona?"

"Ndiyo. Nyanya akipaka nyama chumvi, haiozi."

Jibu lilikuwa na mantiki yake, na lilijengwa juu ya jambo la kweli aliloliona jikoni. Kama mwalimu angemwambia tu kwamba amekosea, mtoto angeitikia "ndiyo, mwalimu" kwa adabu na kuondoka na imani yake. Alipewa chupa ya pili yenye mahindi makavu na chumvi ileile. Chumvi haikushika. Mwalimu aliuliza kama chupa hii nayo ilikuwa na sumu iliyotolewa. Mtoto aligeuza chupa zote mbili mikononi kwa muda mrefu, kisha akataka kujua chumvi iliyobaki sufuriani ingefanyaje ikitiwa tone la maji. Alitia, ikaganda. "Ni maji inavuta," alisema. Ndipo nyama ya nyanya yake ikarudi kwenye mazungumzo: chumvi huvuta maji ya nyama pia, na hilo ni sehemu ya sababu ya nyama kutooza. Alichokijua hakikufutwa, kilipata sababu.

Mvulana wa darasa hilo, mchungaji hodari, alieleza kwamba kivuli cha mchana ni kifupi kwa sababu jua limesogea karibu. Uthibitisho wake ulikuwa joto. Kwake mwalimu alitumia tochi na kijiti ndani ya chumba chenye giza. Tochi iliposogezwa karibu na kurudishwa mbali kwa mwelekeo uleule, kivuli hakikubadilika kama alivyotarajia. Ilipoteremshwa kutoka juu kwenda pembeni, kilirefuka mara moja. Baada ya hapo alieleza mwenyewe kwa nini mbuzi hubanana chini ya shina la mti saa za mchana na kutawanyika jioni.

Kutokana na visa vya namna hii, utaratibu fulani umezoeleka. Mwalimu huketi ubavuni mwa mtoto, maana mtoto aliyelelewa kumheshimu mkubwa, akisimamishwa mbele yake, hutafuta jibu linalompendeza mkubwa. Huketi mahali pa wazi panapoonekana na wote. Maswali ni machache na hurudiwa kila mara: umeona nini, unadhani ni kwa nini, tukibadilisha kitu hiki kimoja itakuwaje, tutajuaje. Baada ya swali hukaa kimya, kwa kuwa watu wazima wengi hujijibu wenyewe kabla ya mtoto kupanga maneno. Jibu lisilo sahihi hufuatwa na jaribio lingine dogo kabla ya maelezo.

Lugha huamua mengi. Sera ya elimu huelekeza kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, ambayo hapa ni Kikamba, na kuanzia gredi 4 Kiingereza hushika nafasi. Mtoto anayeweza kueleza vizuri kwa Kikamba jinsi maji yanavyotafutwa mchangani huonekana mjinga akitakiwa kusema hayo hayo kwa Kiingereza mbele ya darasa zima. Katika dakika za faragha huruhusiwa kuanza kwa lugha anayoimudu, na istilahi za mtaala huongezwa wazo likishasimama. Mwalimu asiyejua Kikamba humwomba mtoto aonyeshe kwa mikono, na vifaa husaidia pale maneno yanapokwama.

Darasa kubwa na muda mdogo

Pingamizi la kwanza la walimu huwa ni idadi. Darasa la watoto 45 au zaidi, kipindi cha dakika 35, ana kwa ana itatoka wapi? Hesabu yenyewe haitishi kama inavyodhaniwa. Vikundi vikiwa kazini, mwalimu anaweza kuzungumza na watoto watatu kwa dakika tano tano na bado akabaki na muda wa kuanzisha somo na kulifunga. Kwa vipindi vinne kwa wiki, hao ni watoto 12, na darasa la 45 humalizika kabla ya wiki ya nne kuisha. Katika muhula wa wiki 14, kila mtoto hufikiwa angalau mara tatu. Sharti ni kwamba kazi ya vikundi iwe imeeleweka kiasi cha kujiendesha: mmoja hupima, mmoja huandika, mmoja hutunza vifaa, mmoja husoma saa, na zamu hubadilishwa ili wasichana wasiachiwe kuosha karai na wavulana kushika rula.

Watoto huitwa kwa mpangilio wa rejista. Wakiitwa wanaobaki nyuma peke yao, kuitwa huwa aibu, na mwalimu hukosa kujua kwamba hata mwenye alama za juu anaweza kuwa na chumvi inayotoa sumu kichwani.

Mfano unaojulikana zaidi wa kazi hii nchini umetoka ngazi ya juu kidogo. Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, Kaunti ya Nakuru, alipokea tuzo ya mwalimu bora duniani mjini Dubai mwezi Machi 2019. Shule yake ilikuwa na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58, kompyuta moja, na intaneti dhaifu. Yeye na wenzake waliimarisha klabu ya sayansi, ambayo wanafunzi wake walifika mashindano ya kitaifa wakiwa na uvumbuzi wao, na wakati huo huo walifundisha mmoja mmoja wale waliokuwa wakilemewa, nje ya saa za darasa na mwishoni mwa juma, hata kwa kuwatembelea nyumbani. Mambo hayo mawili yalikwenda sambamba katika shule moja, chini ya walimu wale wale.

Kupima kilichoeleweka

CBC hutumia ngazi nne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa chini ya matarajio. Ngazi hizi hazimsaidii mtu kama zimejazwa kwa kutazama kikundi kwa mbali. Daftari la mwalimu lenye ukurasa mmoja kwa kila mtoto hutoa ushahidi ulio bora: tarehe, kitu kilichokuwa mezani, maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na swali litakaloulizwa safari ijayo. Mistari mitatu inatosha. Sentensi kama "anasema mkebe uliojaa hauna nafasi" ya Mei na "anasema udongo mfinyanzi una nafasi lakini ni ndogo sana" ya Julai huonyesha mwendo wa fikra ambao alama ya asilimia haiwezi kuuonyesha.

Kipimo cha mwisho wa muhula hufuata njia ya Duckworth kwa kiasi kinachowezekana. Mtoto hupewa vifaa alivyovizoea na tatizo asilolizoea. Aliyefanya mradi wa mchanga hupewa mikebe mitatu yenye kokoto, mchanga na udongo, aulizwe angechagua upi kujaza nyuma ya ukuta wa bwawa, na aoneshe sababu. Aliyefanya jaribio la chumvi huulizwa kama lingefaa kwa ndengu. Aliyepima kivuli huulizwa mwenzake wa Nairobi, iliyo kaskazini kidogo, angeona kivuli kikipotea tarehe ileile au nyingine. Asiyejua jibu lakini akajua jinsi ya kulitafuta huandikwa hivyo, na sifa hiyo ina nafasi yake daftarini.

Mwishoni mwa mwaka daftari hukabidhiwa mwalimu wa gredi inayofuata pamoja na mikebe, chupa na kamba za ukutani. Shule zinazofanya hivyo haziwaanzishi watoto upya kila Januari: mwalimu mpya hujua nani bado anaamini kwamba jua husogea karibu, na humwanzia hapo.